Hatua Kutoka Jiweni Hadi Kigingini

Jumatatu, 3 Juni

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mwenye mikono baridi kama samaki, amenipa daftari hili pamoja na amri tatu: nitembee kila siku, nihesabu hatua, niandike. Kwenye jalada ameandika kwa wino mwekundu: Thora Benbow, miaka 66, goti la kulia. Basi ndiyo mimi, goti la kulia.

Nimechagua njia ya hifadhini. Kutoka nyumbani hadi kwenye jiwe la kukalia naenda bila kuhesabu. Pale napumzika, kisha nahesabu kati ya mikaratusi hadi kigingi chekundu, hifadhi inapoishia na machimbo ya mawe yanapoanzia. Baada ya kigingi ni uzio wa waya, nyasi kidogo, halafu hakuna kitu: shimo la mita themanini, na chini kabisa mashine za manjano zinatambaa kama siafu. Moja ya mashine hizo, kijiko cha kuzolea mawe, huendeshwa na Curtis, mwanangu.

Hatua 340.

Jumanne, 4 Juni

340. Manyunyu.

Jumatano, 5 Juni

340. Jioni kamati ilikutana kwenye banda la zimamoto. Sote tunajua kinachotukabili: machimbo yanaomba kupanuka kuelekea kaskazini, yaimege hifadhi hadi kwenye chemchemi. Tarehe 12 Agosti jopo la serikali litakuja hapa Garrow kusikiliza pande zote. Mwenyekiti wetu ni Alban Reddick, aliyeifundisha nusu ya mji huu jiografia, Curtis akiwemo. Mimi ni katibu.

Alban alikuwa na picha ya bundi mkubwa juu ya tawi, vifaranga wawili ubavuni, ya kuambatanisha na barua yetu ya kupinga machimbo.

"Umempata wapi huyu?" nikamuuliza.

"Kwa rafiki yangu, kule pwani."

"Kwa hiyo si wa hapa."

"Thora, wapo hapa. Umewasikia kwa masikio yako. Hawajakubali kupigwa picha tu." Watu wakacheka. "Bundi ni bundi. Tia sahihi."

Nikatia. Tukala soseji ndani ya mkate, tukaenda zetu.

Jumapili, 9 Juni

340. Curtis alikuja kula kondoo wa kuoka. Kwa sheria yetu hatuzungumzi machimbo mezani, na kila Jumapili tunaivunja. Leo alinichekesha kuhusu mtalii aliyeingia getini akitafuta choo. "Mtu wa nje akikanyaga tu ndani, Mama, kila mashine inazimwa. Kila moja! Watu arobaini tumekaa tunanywa chai, tunamngoja mzee amalize haja."

Jumanne, 11 Juni

341. Nimekosea kuhesabu.

Alhamisi, 13 Juni

341.

Jumatatu, 17 Juni

341. Nilimwambia binti wa viungo kwamba goti linanifupishia hatua. Akanitembeza sakafuni na kuzipima hatua zangu kwa chaki mara tano. "Sentimita sitini na tatu, Bi Benbow. Ndiyo ileile ya siku ya kwanza. Unatembea kama saa ya ukutani."

Nilidhani angefurahi zaidi. Nilidhani ningefurahi zaidi.

Ijumaa, 21 Juni

342.

Machimbo hulipua baruti Jumanne na Ijumaa, saa saba mchana. King'ora hulia mara tatu, ardhi inatikisika chini ya nyayo, vumbi linapanda. Ndege wa hapa wamezoea. Ving'ora vinalia na wao wanaendelea kugombea wadudu. Ila leo nimegundua kitu ambacho nadhani macho yangu yalikwisha kukiona kabla yangu. Kuanzia mti ulioungua na radi hadi kwenye kigingi, hakuna ndege hata mmoja. Si wakati wa baruti tu. Wakati wote. Nyuma ya mti ule ni kelele tupu, mbele yake kimya, kama mtu amefunga mlango.

Nilisimama pale kwenye mpaka wa kelele na kimya, mguu mmoja huku na mmoja kule, hadi vidole vikafa ganzi.

Jumapili, 23 Juni

342. Curtis alikuja amenuna. Kumbe meneja wao, Maddern, alimwita mtaalamu wa ndege akamwonyesha picha yetu. Mti alioukalia bundi yule hauoti kwenye milima hii.

"Umetia sahihi wewe, Mama. Jina lako liko pale chini, kwa mwandiko ule wa kadi zangu za birthdei."

Nikamwongezea viazi.

"Unajua wananiitaje kazini sasa? Bundi. Wakinisalimia wanafanya hivi." Akapepesa macho taratibu, mara mbili. Ningecheka kama asingekuwa mwanangu.

Ijumaa, 28 Juni

343. Walabi sita, wale kangaruu wadogo wa vichakani, walikuwa kwenye uwanja wa raga saa nne asubuhi, mchana kweupe. Hawali. Wamekaa mstari mmoja, wote wanatazama kilima. Mwalimu wa michezo aliwapigia filimbi, wakageuza masikio tu.

Jumatano, 3 Julai

343. Leo nilimchukua Shangazi Verna. Ni mdogo kwangu kwa miaka tisa, lakini hapa kila mtu humwita Shangazi, hata mapolisi, kwa sababu ardhi hii ilikuwa ya babu zake kabla babu zangu hawajashuka melini. Ndiye askari wa hifadhi. Alikuja na utepe wa kupimia na chupa ya chai.

"Nani kakwambia upime mpaka wa serikali kwa goti la plastiki?" akasema.

"Goti langu ni la chuma."

"Aa, samahani. Basi tunaweza kwenda mahakamani."

Tukapima kutoka jiweni. Akapima tena, safari hii hakutania. Vigingi vilipopigwa miaka miwili iliyopita, yeye ndiye aliyeandika vipimo: mita 214 na robo. Leo ni mita 216 na kidogo.

"Wamekisogeza," nikasema. "Lakini wamekisogeza kwao! Wanaturudishia ardhi? Mwizi gani huyo?"

Verna akapiga magoti, akachimba kwa kisu pembeni ya kigingi. Chini kuna saruji. Imekaa kama jino kwenye ufizi. Majani ya juu yake yameoza taratibu, tabaka juu ya tabaka. Hakuna aliyeigusa.

Tukabaki tunatazamana. Ndipo tulipousikia waya. Uzio mwingine hukata msitu kuanzia mti wa radi hadi kigingini, wa zamani, wa kuzuia ng'ombe. Upepo haukuwepo, hata majani ya juu yalikuwa yametulia. Waya ule ulikuwa unaimba, sauti moja nyembamba isiyokoma, kama nzi ndani ya chupa. Verna akaugusa kwa kidole. "Jamani, umekazwa huu. Nani kaukaza?"

Wakati wa kurudi nilimuuliza kama watu wake wana habari ya mahali pale.

"Mizimu unataka?"

"Sijui ninataka nini."

"Marehemu mama hakuwa akitupitisha huku. Tulimuuliza, akasema mguu wake haupapendi. Basi. Hakuongeza neno." Akamimina chai iliyobaki chini. "Mimi mguu wangu leo umeelewa."

Alhamisi, 4 Julai

343. Jalidi nyeupe kila mahali, umande umeganda usiku. Hakuna unyayo kwenye kigingi ila wangu.

Jumatatu, 8 Julai

344.

Jumanne, 9 Julai

344. Waya unaimba kwa sauti ya juu zaidi.

Ijumaa, 12 Julai

Sikuhesabu hadi mwisho. Hatua kama ishirini baada ya mti wa radi niliegemea fimbo yangu kwenye majani makavu, ikazama. Nusura nianguke. Ilizama hadi kwenye mpini, na chini haikugusa kitu. Nikalala kifudifudi, goti na lilie, nikafagia majani kwa mikono.

Kuna ufa. Upana wa kiganja, si zaidi. Unakwenda kushoto na kulia, chini ya majani, hadi nisikoweza kuona. Mizizi inaukatiza kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, imevutika kama nyuzi za gitaa. Hewa inayotoka mle ni ya baridi na ina harufu ya mvua ya zamani. Niliweka sikio. Kutoka chini sana nikasikia kama mtu anachana kitambaa, polepole, anapumzika, anachana tena.

Kigingi hakikusogezwa. Kilima ndicho kinachoondoka. Kinakwenda na miti yake, nyasi zake na kigingi chake, kinateremka shimoni bila haraka. Na Curtis anafanya kazi chini yake.

Jumamosi, 13 Julai

Nilienda kwa Alban mapema. Alikuwa anapaka siagi skonzi. Nilipomaliza kumweleza, kisu kilikuwa bado hewani.

"Thora," akasema, "hii ndiyo. Hii ndiyo tuliyoisubiri."

"Nampigia Maddern leo."

"Usithubutu. Kaa, kaa kwanza. Ukimwambia leo, kesho ataleta wataalamu wake, wataziba ufa kwa saruji na kuandika ripoti kwamba kila kitu shwari. Jopo likija litakuta kilima kimepakwa poda. Ngoja tarehe kumi na mbili. Tunasimama pale mbele ya magazeti, tunafungua daftari lako."

"Huo ni mwezi mzima, Alban. Kuna watu mle chini."

"Kilima kimekuwa kikitembea tangu Juni na hakuna aliyekufa. Mwezi mmoja tu, kwa msitu wa miaka elfu."

"Mwanangu yumo mle."

Akashusha kisu. "Curtis alichagua upande wake," akasema, na hata hakukasirika. Alisema kama anavyotaja mji mkuu wa nchi fulani.

Nimemjua miaka thelathini. Alikaa na mume wangu hospitalini zamu zote nilizoshindwa. Nilikula skonzi yake. Na aibu yangu naiandika hapa: nilikubali kungoja.

Jumatatu, 15 Julai

344.

Ijumaa, 19 Julai

345. Verna hakungoja mtu. Amewaandikia wakubwa wake. Wamemjibu kwamba mhandisi atapangiwa safari baada ya kikao cha jopo.

Jumatatu, 22 Julai

345. Jana Curtis alilala kwenye kochi langu baada ya kula, mdomo wazi, kama alipokuwa na miaka saba. Nilimtazama hadi chai yangu ikapoa. Siku tisa nimemwacha aende kule kila asubuhi kwa sababu mzee mmoja mwenye skonzi aliniambia ningoje.

Jumanne, 23 Julai

Nimekwenda kwa Maddern. Gordon Maddern ana uso wa mtu aliyekunywa siki akiambiwa ni divai. Ofisini kwake kuna picha ya mkewe amebeba samaki. Alinipa kiti na chai, akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Bi Benbow," akasema, "tulipima ule ukuta mwezi Machi. Uko imara."

"Machi si leo."

"Mwezi Aprili mlisema chemchemi imekauka. Nikatuma mtu, akakuta inatoka. Mei mlisema vumbi limeua nyuki. Nikamleta mtu wa nyuki. Juni mkaniletea bundi." Hakupandisha sauti. "Kila mara mnapiga kelele nyoka, nikija na fimbo nakuta kamba. Sasa mnasema kilima kinatembea, wiki tatu kabla ya jopo. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekuja kuona."

"Nitamtuma mtu."

Alhamisi, 25 Julai

346. Mtu wake amekuja. Nilimwona kutoka juu. Alisimama chini kabisa, akatazama ukuta kwa darubini dakika tano, akapanda gari.

Jumapili, 28 Julai

Curtis hakuja kula. Alinipigia simu. "Umekwenda kwa bosi wangu nyuma ya mgongo wangu. Nina miaka thelathini na minne, Mama. Kuna mtu mle ndani mama yake humfuata kazini?" Nikamwambia kuhusu ufa. Akasema, "Aliyetia sahihi bundi, nitamwaminije?" Akakata.

346.

Jumanne, 30 Julai

346. Waya haupo tena. Umekatika, ncha zake zimejikunja huku na huku. Mti wa radi umeinama nyuma, kuelekea kwangu, kama mtu anayevutwa miguu.

Jumamosi, 3 Agosti

347. Mvua imeanza.

Jumapili, 4 Agosti

Mvua. Sikutoka.

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua.

Jumanne, 6 Agosti

Mvua. Hawakulipua baruti leo. Badala ya kushukuru nilikaa nikisubiri mtikisiko, na kimya kile kilinila zaidi.

Jumatano, 7 Agosti

Nitaandika kwa mfuatano, kwa sababu nitaulizwa.

Saa mbili asubuhi mvua ilipungua, ikabaki manyunyu. Nilikuwa kwenye jiwe saa mbili na nusu. Ufa sasa si wa kiganja. Niliutazama nikajua sitauvuka kwa goti langu. Nilihesabu kwa macho na kwa uzoefu: si chini ya hatua 349. Ng'ambo ya ufa miti yote ilikuwa imesimama wima, imelowa, inang'aa. Haikuyumba. Ilikuwa chini kuliko Jumamosi. Nilikuwa natazama sasa kwenye matawi yake, mahali ambapo siku ile nilitazama mashina.

Nilimpigia Curtis mara nne. Kwenye kijiko hawaruhusiwi simu. Nilipiga ofisini, nikajibiwa na mashine. Nikampigia Verna, akasema anakuja, anatoka upande wa pili wa hifadhi, dakika arobaini. Nikamwambia akae jiweni, asivuke mti wa radi.

Nikakumbuka mtalii na choo chake.

Nilirudi nyumbani, nikatia kiti cha kukunja kwenye gari na kuendesha hadi getini. Nilipita pembeni ya kizuizi kwa miguu, nikafungua kiti katikati ya barabara ya malori, nikakaa. Lori la kwanza lilisimama mita kumi kutoka kwangu.

"Mama Curtis!" dereva akapiga kelele. "Utagongwa!"

"Zima," nikamwambia. "Mtu wa nje yumo ndani. Sheria yenu."

King'ora kikalia, kirefu, kimoja. Mashine zikazimika moja baada ya nyingine, na kimya kikashuka mle shimoni kama kile cha msituni. Watu wakaanza kutoka chini ya ukuta, makundi makundi, wakitembea kuelekea chumba cha chai. Wengine walinipepesea macho, taratibu, mara mbili. Niliwahesabu. Curtis alikuwa wa mwisho, uso umewiva kwa hasira.

"Mama, inuka. Inuka, nakuomba. Watu wanacheka."

"Wacheke. Wako huku wakicheka."

Maddern akaja na koti la mvua la manjano juu ya shati la ofisini. Alisimama mbele yangu, mikono mifukoni.

"Bi Benbow. Huyu ni bundi mwingine?"

"Hapana. Yule alikuwa uongo, na mimi nilitia sahihi. Hili si uongo." Nikampa daftari.

Alisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, maji ya kofia yakidondokea wino. Polepole. Kwenye ukurasa mmoja akainua macho. "Siki?" akasema.

"Siku ile ulinikera."

Nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. Akaendelea. Alipofika kwenye waya hakutabasamu tena. Akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Wote chumba cha chai," akawaambia wasimamizi. "Hakuna anayerudi chini hadi niseme mimi. Nakwenda juu kutazama."

"Usiende," nikasema. "Amini tu."

"Siwezi kufunga machimbo kwa kuamini. Lazima nione kwa macho yangu ndipo niandike." Curtis akashika mlango wa gari la Maddern, akasema, "Nije nawe, bosi? Njia ya juu ina tope." Maddern akamtazama, akanitazama.

"Baki. Mchunge mama yako asije akaiba kijiko."

Akapanda gari lake, akazunguka kwa njia ya juu. Tulimwona akifika, mdogo kwa umbali, koti la manjano kwenye ukingo. Alishuka, akasogea kuelekea kigingi. Akainama kama mtu anayeokota kitu.

Sikusikia kishindo kwanza. Niliona miti ikishuka. Yote pamoja, wima, kama watu kwenye lifti, matawi hayakutikisika. Ilishuka nusu ya ukuta hivyo, kwa heshima, na koti la manjano likiwa katikati yake. Halafu ndiyo sauti ikaja, halafu upepo, kiti changu kikaruka, na Curtis alikuwa juu yangu, ananifunika, ananiita Mama, Mama, Mama.

Vumbi lilipotulia ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Mahali pa vijiko palikuwa pamefunikwa ghorofa nne kwenda juu. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamesimama kwenye mlango wa chumba cha chai, vikombe mkononi.

Ijumaa, 9 Agosti

Polisi wamechukua daftari. Naandika nyuma ya kumbukumbu za kamati.

Msako wa Maddern umesimamishwa. Kilima bado kinasogea, na wamesema hawatapeleka watu kumtafuta mtu.

Jumatatu, 12 Agosti

Jopo halikuja. Machimbo yameondoa ombi lao. Alban alikuja hadi kibarazani kwangu kunipa habari, ana mvi zaidi kuliko wiki iliyopita.

"Tumeshinda," akasema, lakini alilisema kama swali.

"Nani?"

Akakaa ngazini, hakuomba kuingia. Akasema, "Ungemwambia siku ile ya kwanza, angepata muda wa kutuma wapimaji wa kweli."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyezuilika."

Nilimwachia barua yangu ya kujiuzulu kwenye goti lake. Bado alikuwa amekaa pale nilipokwenda kuchukua kuni.

Jumatano, 21 Agosti

Curtis amehamia chumba chake cha zamani kwa muda. Halali vizuri. Leo asubuhi tulikwenda na Verna hadi mahali panaporuhusiwa, tukatazama chini. Miti ile iko pale, chini shimoni, kama thelathini hivi. Haikuanguka. Imesimama juu ya kipande chake cha ardhi, mbichi, na mimea ya njano chini yake imeanza kuchanua kama haijui ilipo. Na ndege wamerudi. Wamejaa matawini, wanapiga kelele huko chini, sauti inapanda kama kutoka kisimani. Verna alivua kofia. Hatukukaa sana.

Jumamosi, 31 Agosti

Leo amekuja Ilse Maddern.

Nilimtambua kwa picha ya samaki. Mwanamke mrefu, viatu vya bustani, hakuchana nywele. Curtis alimfungulia mlango, wakatazamana, akatoka kwenda nyuma kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Nilimwekea chai, hakuigusa.

"Polisi wamenisomea daftari lako," akasema. "Lote."

"Pole kwa yale ya siki."

"Alikuwa na uso huo hata siku ya harusi." Akavuta pumzi. "Sikuja kukulaumu. Au nilikuja kukulaumu, nimebadili mawazo kwenye kona ile ya posta. Nina swali moja. Hakuna mwingine wa kunijibu."

"Uliza."

"Alipanda kule kwa sababu alikuamini, au kwa sababu hakukuamini?"

Nje shoka la Curtis lilikuwa linapiga na kupumzika, linapiga na kupumzika. Ningeweza kumpa jibu zuri. Nimewahi kutia sahihi picha ya bundi. Uongo mzuri naujua uzito wake.

"Sijui," nikasema. "Angeniamini kabisa asingepanda. Asingeniamini hata kidogo asingepanda. Na kama sisi tusingemdanganya mara tatu, pengine angeniamini wiki mbili kabla. Hilo ni letu, ni langu, utalibeba unavyotaka."

Akatikisa kichwa polepole. Machozi yalikuwa yanashuka lakini sauti yake haikubadilika. "Hilo si jibu."

"Nitakwambia nilichokiona. Juu kuna tope, gari linahitaji mtu wa kusukuma. Mwanangu alitaka kwenda naye. Alikwisha kushika mlango wa gari. Mumeo akamwambia abaki."

Ilse akageuza uso kuelekea dirishani, kule kuni zinakopasuliwa. Alitazama muda mrefu.

"Hakumchukua mtu," akasema.

"Hakumchukua mtu."

Akasimama. Nilidhani anaondoka. Alifungua mlango wa nyuma, akashuka ngazi na viatu vyake vya bustani, akaenda hadi kwa Curtis. Sikusikia alichomwambia. Curtis aliweka shoka chini, na yule mwanamke akamshika uso kwa mikono yote miwili na kumtazama, kama mtu anayesoma, hadi jua lilipohama kwenye ua.